Sura ya Tsar Ilipotoka Ikulu

Mwaka 1913 ukoo wa Romanov ulitimiza miaka 300 kwenye kiti cha enzi cha Urusi, na wenye viwanda walitaka nao wapate chao katika sherehe hizo. Wakaomba ruhusa ya kuchapa sura ya Tsar Nicholas II kwenye bidhaa za kila aina. Ombi mojawapo lilihusu vitambaa. Wakubwa wa ikulu walikubali kwa sharti moja: vitambaa visiwe vya ukubwa unaofaa kwa leso. Leso hufutiwa pua, na hakuna ofisa aliyetaka kuwa ndiye aliyemruhusu mkulima kupenga kamasi kwenye uso wa mfalme aliyetiwa mafuta matakatifu.

Uamuzi huo mdogo naupa uzito mkubwa, kwa sababu umebeba tatizo lililoisumbua dola ile kwa miaka mia mbili. Mtawala wa nchi iliyoanzia Poland na kuishia Bahari ya Pasifiki hawezi kuonekana kwa macho na watu wake wote. Lazima sura yake ifike pale ambapo yeye hafiki. Lakini sura ikishanakiliwa, inaingia mikononi mwa watu ambao mfalme hawajui wala hawezi kuwachungulia wanaitumiaje. Ndiyo maana nasema picha za Urusi ya kifalme zisomwe pamoja, turubai la ikulu kando ya karatasi ya sokoni, na kila mara tuulize nani alishika brashi na bamba la nani lilivunjwa. Siku hizi picha hizi zinazunguka mitandaoni zimeongezwa rangi, chini yake maneno ya kusifia enzi za fahari. Zikitazamwa hivyo, peke yake, zinaendelea kumtumikia tsar.

Kabla ya Peter Mkuu, wafalme wa Moscow walichorwa kwa mtindo wa watakatifu wa kanisani: mwili umenyooka, uso hauna umri, mavazi mazito yamejaa vito. Peter alifika London mwanzoni mwa mwaka 1698, kijana wa miaka 25 aliyekuwa akizunguka Ulaya kujifunza kuunda meli, akakaa mbele ya Godfrey Kneller, mchoraji wa ikulu ya Uingereza. Picha ile alitunukiwa Mfalme William III, na hadi leo iko katika hazina ya picha za wafalme wa Uingereza. Peter amevaa deraya ya chuma, joho la manyoya limemwangukia begani, na meli zinaonekana nyuma yake. Ndevu hana. Mwaka uleule John Smith aliinakili kwenye bamba la shaba na chapa zake zikauzwa. Peter aliporudi Moscow alianza kuwanyoa ndevu mabwana wakubwa kwa mkono wake mwenyewe, na baadaye anayetaka kubaki na ndevu akatozwa kodi. Sura mpya ya dola ilitangulia kwenye karatasi, kisha ikalazimishwa kwenye mashavu ya watu.

Kuna chapa nyingine ya enzi hizo ambayo msomaji wa Afrika asiipite haraka. Adriaan Schoonebeek, Mholanzi aliyeajiriwa na Peter kufundisha uchongaji wa mabamba mjini Moscow, alimwonyesha tsar akiwa na mtoto Mwafrika nyuma yake. Yapata mwaka 1720 Gustav von Mardefeld, balozi wa Prussia aliyekuwa pia mchoraji wa picha ndogondogo, alifanya vivyo hivyo. Ulikuwa mtindo wa ikulu za Ulaya: mtoto mweusi pembeni ya mfalme ni pambo, sawa na joho na upanga, ishara kwamba mwenye picha ana mkono mrefu unaofika mabara ya mbali. Jina la mtoto haliandikwi.

Lakini katika ikulu ya Peter aliishi mtoto mmoja wa Kiafrika ambaye jina lake halikupotea. Abram alitekwa akiwa mdogo, akapelekwa Istanbul, na yapata mwaka 1704 akafikishwa Urusi. Wanahistoria wanabishana kuhusu kwao, wengine wakisema Eritrea, wengine wakisema nchi ya mto Logone karibu na Ziwa Chad. Alibatizwa Vilnius mwaka 1705, Peter akiwa baba yake wa ubatizo, akasomea uhandisi wa kijeshi Ufaransa, akapanda hadi cheo cha juu cha ujenerali, na akafa mwaka 1781 akiitwa Abram Petrovich Gannibal. Mshairi Alexander Pushkin ni kitukuu chake. Tusimgeuze shujaa wa haraka, maana naye alimiliki mashamba pamoja na wakulima waliofungwa kwenye mashamba hayo. Ila angalia picha zilivyogawa haki. Picha iliyoenezwa miaka mingi kuwa ni yake, watafiti wengi leo wanaona ni ya jenerali mwingine kabisa, na hakuna nyingine iliyothibitishwa. Mtoto asiye na jina ana picha, jenerali mwenye jina hana. Dola ilijua kumchora Mwafrika akiwa amesimama nyuma ya mtu. Alipokaa mbele, akitoa amri na kujenga ngome, haikutuachia uso wake.

Wakati ikulu ikiagiza wachongaji kutoka Uholanzi, watu wa kawaida walikuwa na picha zao. Warusi waliziita lubok: karatasi moja iliyochapwa kwa bamba la mbao, baadaye la shaba, rangi zikapakwa harakaharaka kwa mkono bila kujali mistari. Wachuuzi walizitembeza vijijini na kwenye masoko, watu wakazibandika ukutani. Zilikuwepo za watakatifu, za mashujaa wa hadithi, za vichekesho vya ndoa. Iliyopata umaarufu kuliko zote inaonyesha panya wanamzika paka. Paka amelala chali kwenye kigari cha theluji, miguu imefungwa, na kundi la panya linamvuta huku wengine wakipiga ngoma na kubeba vyakula vya matanga. Maandishi yanamwita paka wa Kazan, mwenye akili ya Astrakhan na busara ya Siberia. Kila Mrusi wa wakati ule aliujua mpangilio huo, kwa kuwa tsar mwenyewe katika hati zake alijiita mfalme wa Kazan, mfalme wa Astrakhan, mfalme wa Siberia.

Kwa muda mrefu picha hiyo imesomwa kama kibonzo cha mazishi ya Peter, aliyefariki Januari 1725, na waumini wa mapokeo ya kale waliochukia mageuzi yake wakatajwa kuwa ndio walioibuni. Wako wataalamu wanaoona kwamba chanzo chake ni cha zamani zaidi. Hata wakiwa sahihi, ni vigumu kuamini kwamba aliyeinunua sokoni baada ya Peter kuzikwa hakuyaunganisha mambo. Sisi husema paka akiondoka, panya hutawala. Panya wa lubok hawajafika huko kwenye kutawala. Furaha yao ni kuhakikisha kwanza amefungwa miguu yote.

Serikali ilichukua muda kuelewa hatari ya karatasi hizi, maana wasomi walizidharau. Ilipoelewa, ilitumia patasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 Gavana wa Moscow, Arseny Zakrevsky, aliagiza mabamba ya zamani ya shaba yakusanywe, yakatwe vipande, kisha wenyewe warudishiwe kama shaba chakavu. Fikiria mchapaji aliyerithi mabamba ya babu yake, anarudishiwa vipande vya kuuza kwa uzito. Tunazijua picha hizo leo kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya mwanasheria mmoja mwenye subira, Dmitri Rovinsky, aliyezikusanya na kuzichapisha kwa wingi mwaka 1881. Mwenye kusema kwamba sanaa ya wanyonge hupotea kwa kukosa ubora na aitazame amri ya Zakrevsky.

Sasa tuje kwa Catherine wa Pili, ambaye kwa maoni yangu hakuna tsar aliyeelewa kazi ya picha kama yeye. Alitwaa madaraka mwaka 1762 kwa kumpindua mumewe, hana tone la damu ya Romanov, amezaliwa Mjerumani. Mtu wa namna hiyo anahitaji kuonekana kila siku kuwa anastahili. Vigilius Eriksen alimchora juu ya farasi amevaa sare ya kiume ya walinzi, upanga mkononi, kama alivyokuwa siku ya mapinduzi. Mwaka 1783 Dmitry Levitsky alimchora akiwa mtunga sheria ndani ya hekalu la mungu wa haki. Amevaa vazi jeupe, anachoma maua ya mpopi juu ya madhabahu, akimaanisha kwamba anautoa usingizi wake kafara kwa ajili ya raia. Miguuni pake tai amekaa juu ya vitabu vya sheria, na nyuma bahari imefunguka yenye meli.

Ni picha nzuri sana, na ndiyo maana inahitaji kalenda pembeni yake. Aprili 1783 Catherine aliinyakua Crimea. Mei mwaka uleule amri yake iliwafunga wakulima wa Ukraine ya mashariki ya mto Dnipro kwenye ardhi walipokuwa, wasiweze tena kuhama. Kwa hiyo mwaka ambao malkia anaonekana akichoma usingizi wake kwa manufaa ya raia ndio mwaka ambao raia wengi walipoteza uhuru wa kuondoka. Levitsky, aliyekuwa mtu wa Ukraine kwa asili, alichora meli. Wakulima hawamo.

Yuko hata hivyo aliyewachora watu wa aina hiyo, naye alikuwa mmoja wao. Ivan Argunov alikuwa mtwana wa familia tajiri ya Sheremetev, yaani mtu aliyezaliwa akiwa mali ya bwana, na kipaji chake kilikuwa mali ya bwana vilevile. Mwaka 1767 alimchora msichana wa Kikalmyk aitwaye Annushka. Wakalmyk ni watu wa asili ya Kimongolia waliokuwa wakichunga mifugo nyika za Volga, na watoto wao walichukuliwa kulelewa kwenye majumba ya wakubwa, nusu watoto wa nyumba, nusu mapambo. Annushka anatutazama moja kwa moja na tabasamu dogo. Mikononi ameshika karatasi. Ukisogea utaona kwamba karatasi hiyo ni chapa, na sura iliyomo ni ya bibi wa nyumba, Varvara Sheremeteva, aliyekuwa ameaga dunia.

Picha hiyo iko Kuskovo, jumba la zamani la familia hiyo mjini Moscow, na kwangu inafundisha utawala wa Urusi kuliko turubai lolote la farasi na taji. Imechorwa na mtu asiye huru. Inamwonyesha mtoto aliyeondolewa kwao. Na kazi aliyopewa mtoto ndani ya picha ni kushika sura ya mwenye nyumba ili sisi tuione. Bibi amekufa lakini chapa yake inaendelea kumilikiwa, kushikwa, kuonyeshwa. Hata hivyo Argunov alifanya jambo ambalo hakuagizwa, au angalau halikuhitajika: alimpa Annushka uso wake kamili, wenye uhai na akili, kiasi kwamba bibi aliye kwenye karatasi anabaki kivuli cha mistari ya kijivu. Agosti mwaka huohuo wa 1767 ilitoka amri iliyowakataza watwana kuwashtaki mabwana zao, adhabu yake ikiwa kiboko na kazi ngumu Nerchinsk, katika Siberia ya mashariki. Wiki chache kabla, Catherine alikuwa amefungua mkutano mkubwa wa wajumbe mjini Moscow wa kutunga sheria mpya, mkutano uliosifiwa na wanafalsafa wa Ulaya.

Nje ya Urusi, Catherine hakuweza kuchagua mchoraji. Mwaka 1772 Urusi, Prussia na Austria ziligawana sehemu ya Poland, na mwaka uliofuata ikatoka Paris chapa iliyoitwa keki ya wafalme, kutokana na mchoro wa Moreau. Ramani ya Poland imetandazwa mezani. Catherine, Joseph wa Austria na Frederick wa Prussia kila mmoja anashika upande wake, na Mfalme Stanisław wa Poland anazuia taji lisimwanguke kichwani. Stanisław aliwahi kuwa mpenzi wa Catherine, na Catherine ndiye aliyemweka kwenye kiti cha enzi. Hakuna damu kwenye chapa hiyo, hakuna askari. Ni watu waliovaa vizuri wakiongea kuhusu ramani, na kwa sababu hiyo inatisha. Kwetu, ambao masharti ya kugawana bara letu yaliwekwa Berlin mwaka 1884 na 1885 na watu wa namna ile, chapa hiyo haihitaji maelezo.

Wachora vibonzo wa London nao walimvamia, hasa mwaka 1791 Urusi ilipokuwa ikipigana na Waturuki. Kimoja kinamwonyesha akipiga hatua moja kubwa kutoka Urusi hadi Istanbul, na wafalme wa Ulaya wako chini wakichungulia ndani ya sketi yake. Sikifurahii kibonzo hicho. Kilishambulia mwili wa mwanamke pale ambapo mashtaka ya kweli yalikuwepo tele, na kilichapwa katika mji uliokuwa ukitajirika kwa meli za watumwa. Kukosoa milki ya mwenzako huku umekalia yako ni kazi rahisi.

Mtindo wa Argunov, wa msanii asiye huru anayetengeneza utukufu wa wengine, ulifika kilele chake ndani ya Ikulu ya Majira ya Baridi mjini St Petersburg. Baada ya kumshinda Napoleon, Alexander wa Kwanza alimwita Mwingereza George Dawe achore majenerali wa vita vya 1812. Ukumbi ulifunguliwa Desemba 1826, na ndani yake ziko picha 332, safu juu ya safu, mabega na nishani. Fremu 13 zimebaki na kitambaa cha kijani na jina tu, za majenerali ambao sura zao hazikupatikana. Dawe hangeweza kuzichora zote peke yake. Wasaidizi wake walikuwa Wilhelm Golike na Alexander Polyakov. Polyakov alikuwa mtwana wa Jenerali Pyotr Kornilov, ambaye naye sura yake imo ukumbini. Dawe alivuna sifa na fedha, Polyakov akaambulia ujira mdogo. Alipata uhuru mwaka 1833 na kufariki mwaka 1835. Ukumbi ule unasemwa kuwa ni kumbukumbu ya taifa zima lililojitoa mhanga. Ulipofunguliwa, askari wa kawaida, ambao wengi wao walikuwa wakulima watwana, hawakupewa hata fremu ya kitambaa cha kijani.

Milki ilipopanuka kusini, picha ziliifuata. Mwaka 1859, baada ya takriban miaka 25 ya kupigana, Imam Shamil, kiongozi wa Waislamu wa Dagestan na Chechnya, alijisalimisha Gunib kwa Jenerali Baryatinsky. Mjerumani Theodor Horschelt alilichora tukio hilo mwaka 1863: Baryatinsky amekaa juu ya jiwe, Shamil amesimama mbele yake. Baada ya hapo Shamil aliwekwa Kaluga, akapigwa picha na kuoneshwa kwa heshima. Heshima hiyo ilikuwa na faida kwa mshindi, maana adui mkubwa humfanya mshindi awe mkubwa zaidi. Alipopewa ruhusa ya kwenda kuhiji hakurudi tena. Alifariki Madina mwaka 1871 na kuzikwa Baqii.

Asia ya Kati ndiyo iliyomtoa mchoraji mgumu kuliko wote, Vasily Vereshchagin. Alikwenda Turkestan kwa mwaliko wa gavana wake, Jenerali Kaufman, akapigana mwenyewe kwenye ulinzi wa Samarkand mwaka 1868, akapewa nishani. Kisha akachora vita kama alivyoviona. Turubai lake la mwaka 1871 lenye mlima wa mafuvu jangwani amelitunuku kwa washindi wakuu wote, waliopita, waliopo na watakaokuja. Jingine lilimwonyesha askari wa Kirusi aliyekufa na kuachwa, ndege wakimshukia. Maonyesho yalipofika St Petersburg mwaka 1874, Kaufman alimshutumu hadharani kwamba yeye hajawahi kumwacha askari wake uwanjani. Vereshchagin aliyachoma matatu kati ya maturubai yake, likiwemo lile la askari aliyesahauliwa.

Wengi humtaja kama mpinga vita na kuishia hapo. Mimi naona kasoro kubwa. Katika maturubai hayohayo watu wa Samarkand na Bukhara wanaonekana wakiuza watoto watumwa na kushangilia vichwa vilivyotundikwa kwenye nguzo mbele ya madrasa kwenye uwanja wa Registan, Samarkand. Utumwa ulikuwepo kweli kule. Lakini mtazamaji wa London na St Petersburg aliondoka akiamini kwamba watu wale walihitaji kutawaliwa. Vereshchagin aliuchukia ukatili wa vita bila kuhoji haki ya Urusi kuwa pale. Kaufman, aliyemkaripia kwa askari mmoja, hakulalamikia picha za wenyeji. Wakati huohuo yeye mwenyewe alikuwa akitengenezesha albamu kubwa ya picha za kamera ya Turkestan, ambamo watu wamepangwa kwa aina na makabila kama vielelezo.

Miaka ya mwisho ya tsar ndiyo iliyothibitisha kwamba sura yake haikuwa tena mali yake. Mwaka 1900 Valentin Serov alimchora Nicholas II kwa faragha, amevaa koti la kijivu la ofisa, mikono imekutanishwa mezani, macho ya mtu mpole aliyechoka. Inasimuliwa kwamba malkia alipoanza kumwelekeza wapi arekebishe, Serov alimkabidhi ubao wa rangi amalizie mwenyewe. Tarehe 9 Januari 1905 Serov alikuwa dirishani kwenye jengo la Chuo cha Sanaa aliposhuhudia wapanda farasi wakiwashambulia wafanyakazi waliokuwa wakienda kumwomba tsar msaada. Baadhi yao walikuwa wamebeba picha ya tsar. Rais wa chuo hicho, Mwanamfalme Vladimir, ndiye aliyekuwa mkuu wa majeshi ya mkoa ule. Serov alijiuzulu uanachama wake na hakuwachorea tena Romanov.

Udhibiti ulipolegea mwishoni mwa 1905, magazeti ya vibonzo yalimwagika. Gazeti la Nikolai Shebuev lilichapa upya tamko la tsar la tarehe 17 Oktoba, lile la kuahidi uhuru wa raia, likiwa na alama nyekundu ya kiganja cha damu juu ya maandishi. Chini yake ilielezwa kwamba Jenerali Trepov, aliyekuwa gavana wa St Petersburg mwaka huo, ametia mkono wake. Shebuev alifungwa. Januari 1906 Ivan Bilibin, fundi mkubwa wa michoro ya hadithi, alichapa kwenye gazeti la Zhupel fremu ya kifahari yenye alama zote za kifalme, ile ambayo ndani yake hukaa picha ya tsar. Ndani alimweka punda, akaandika jina lake la kisayansi na kwamba amepunguzwa mara 20. Hakumtaja mtu. Gazeti lilifungwa na Bilibin akawekwa ndani kwa siku moja. Kilichowauma wakubwa ni kwamba umma ulikuwa umefundishwa kwa karne mbili nani hukaa ndani ya fremu ile.

Hofu ya mwaka 1913 kuhusu leso ilitokana na mambo haya. Mwaka huohuo Urusi ilitoa kwa mara ya kwanza stempu zenye nyuso za watawala wake, na wafanyakazi wa posta wakasita kugonga muhuri mweusi usoni mwa tsar. Kisha vita vikaja, watu wakaficha sarafu, na mwaka 1915 serikali yenyewe ikachapa stempu zilezile kwenye karatasi ngumu zitumike kama chenji. Nicholas alikuwa kopeki 10, Nicholas wa Kwanza 15, Alexander wa Kwanza 20. Uso uliokatazwa kufuta pua ukawa unalipia mkate na kuchakaa mfukoni. Mwaka 1917 picha ya Serov iliyokuwa ikulu iliharibiwa, na ile tunayoiona Jumba la Tretyakov ni nakala aliyoichora kwa mkono wake.

Wanaosema kwamba haya ni mambo ya makumbusho tu waitazame Kherson, mji wa kusini mwa Ukraine. Ngome ya mji huo, kwenye mto Dnipro, ilianza kujengwa mwaka 1778 kwa amri ya Catherine chini ya usimamizi wa Ivan Gannibal, mwana wa Abram. Jeshi la Urusi lilipoukalia mwaka 2022, mabango yalisimamishwa yenye sura ya Pushkin, yakitangaza kuwa Kherson ni mji wenye historia ya Kirusi. Mtoto wa Kiafrika aliyetekwa, mwanawe mjenzi wa ngome na kitukuu chake mshairi wakafanywa hati ya kumiliki mji wa watu wengine. Kabla ya kuondoka Novemba, wavamizi walipakia kazi zaidi ya 10,000 za Jumba la Sanaa la Kherson na kuzipeleka Simferopol, Crimea. Wafanyakazi wa jumba hilo wamekuwa wakipitia picha na video zilizopigwa kule, na kila mchoro wanaoutambua wanauchapisha hadharani ukiwa na jina la aliyeuchora, ili siku ya kudai mali yao ushahidi uwe tayari.